Mwasho Hauponi kwa Jina la Dawa

Mwasho wa ngozi hauhesabiwi miongoni mwa maradhi makubwa. Mgonjwa wake habebwi kwa machela, wala jirani haji kumpa pole. Lakini mzazi aliyekesha na mtoto mwenye ukurutu, akimshika mikono asijikune mpaka damu itoke, anajua kwamba mateso hayo si madogo. Mtu wa namna hiyo yu tayari kununua chochote atakachoambiwa kwamba kinaleta nafuu, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kwa muda mrefu sasa, katika masoko yetu na vituo vya mabasi, zimekuwa zikiuzwa dawa za kupaka zenye maandishi ya Kichina, ambazo muuzaji huzisifu kuwa ni za majani na mizizi mitupu. Wananchi huziamini, na imani hiyo ina asili yake. Waganga wa China walianza kuja kutibu Afrika mwaka 1963 nchini Algeria, wakafika Zanzibar mwaka 1964, na wengi wa watu wetu wamepona mikononi mwao. Kwa hiyo yafaa tuulize bila chuki na bila ushabiki: uganga wa jadi wa Kichina unasema nini juu ya mwasho, na tuupokee kwa kiasi gani?

Kwanza tukiri kwamba uganga huo una fikra pana. Mganga wa Kichina hatazami kipele peke yake. Hutazama ulimi, hushika mishipa ya mkono, huuliza juu ya usingizi, choo na chakula. Mwasho unaohamahama, leo mgongoni, kesho pajani, huuita upepo. Ngozi nyekundu inayotoa majimaji husema ina joto na unyevu. Ngozi kavu inayopukutika, kama ya wazee wengi, husema damu yake imekauka. Maneno hayo si ya sayansi ya leo, lakini yana funzo moja la kweli, kwamba miwasho haifanani, na dawa ya huyu yaweza isimfae yule.

Mfano mashuhuri ni dawa iitwayo Xiao Feng San, yaani unga wa kuondoa upepo, iliyoandikwa na tabibu Chen Shigong katika kitabu chake cha mwaka 1617. Ina vitu 13, na miongoni mwao mna mizizi na majani, ganda ambalo mdudu nyenze huliacha mtini anapojivua, na hata ufuta tunaoujua sisi sote. Vitu hivyo huchemshwa pamoja, na mgonjwa hunywa maji yake. Wengine huogeshwa kwa maji yaliyochemshiwa mzizi mchungu wa kushen, au hukandwa kwa kitambaa kilicholoweshwa katika maji hayo yakisha kupoa.

Yapo mambo ambayo uganga huo na hospitali wanakubaliana. Kitambaa chenye maji baridi hutuliza mwasho, na daktari wa kisasa huagiza hivyo hivyo. Salfa, ile madini ya njano ambayo Wachina waliitumia kwa upele tangu kale, ingali inatumika kama marhamu ya upele, hata kwa watoto wachanga. Na mwaka 2010 madaktari wa Munich, Ujerumani, walitoa matokeo ya jaribio lao kwa wagonjwa 30 wenye ukurutu, ambamo kuchomwa sindano za Kichina kulipunguza mwasho kuliko sindano za uongo. Jaribio hilo lilikuwa dogo, lakini si la kudharauliwa.

Hata mchanganyiko wa majani umepimwa. Mwaka 1992 madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, walieleza kwamba watoto wenye ukurutu sugu waliokunywa mchanganyiko wa mitishamba 10 ya Kichina walipata nafuu kuliko walipokunywa majani yasiyo dawa. Wengi walifurahi. Lakini mwaka 2013 wataalamu wa shirika la Cochrane walipokusanya majaribio 28 yenye wagonjwa 2,306, waliona kwamba mengi yalifanywa kwa udhaifu, na hawakupata ushahidi wa kutosha kusema kwamba mitishamba hiyo inaponya ukurutu. Ndiyo hali ilivyo: tumaini lipo, uthibitisho bado.

Lakini ukosefu wa uthibitisho ni jambo dogo ukilinganisha na madhara. Ndani ya Xiao Feng San mna mmea uitwao mutong. Jina hilo moja lilipewa mimea mbalimbali, na mmoja wao, wa jamii ya aristolokia, una sumu inayoua figo na kuleta saratani. Mwaka 1999 jarida la matibabu la Lancet lilieleza habari za wagonjwa wawili nchini Uingereza waliotumia mitishamba ya Kichina kwa ajili ya ukurutu. Ndani ya dawa zao ilikutwa aristolokia, na figo za wote wawili zilikufa. Walikwenda kutafuta dawa ya kujikuna, wakarudi bila figo.

Mwaka huo huo wa 1999 madaktari wa London walipima marhamu 11 za Kichina zilizokuwa zikipakwa na wagonjwa wao wa ngozi. Marhamu 8 kati ya hizo zilikuwa na deksamethasoni, dawa kali ya kiwandani ya jamii ya steroidi, na wagonjwa walikuwa wameambiwa kwamba ni mitishamba. Hapo ndipo siri ya nafuu ya haraka ilipofichuka. Daktari huitumia steroidi kwa kipimo na kwa siku maalumu. Ikipakwa ovyo, hasa usoni na kwa watoto, ngozi huwa nyembamba, hupata michirizi, na ukurutu hurudi kwa nguvu ikiachwa ghafla. Ikipakwa juu ya choa, huondoa wekundu na mwasho, huku ugonjwa wenyewe ukienea chini kwa chini.

Wako watakaosema kwamba kuhoji haya ni kuutukana ustaarabu wa wenzetu. Sisi tunasema kinyume chake. Wachina wenyewe ndio waliotufundisha kuhoji. Mwanasayansi Tu Youyou alisoma katika kitabu cha Ge Hong, cha karne ya 4, kwamba majani ya qinghao hulowekwa katika maji na kukamuliwa kutibu homa. Hakukiamini kitabu kwa upofu, wala hakukitupa. Aliyapima majani hayo, akabadili namna ya kuyakamua asiyaunguze, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaipata dawa ya artemisinini ambayo imeokoa watu wengi sana wa bara letu na malaria. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Na serikali ya China, ilipotambua ubaya wa mutong wa aristolokia, iliufuta katika orodha ya dawa zake mwaka 2003. Ikiwa wenye uganga wao wamekubali kuupima na kuukata penye ubovu, sisi tunaonunua tunaogopa nini?

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa wahusika wote. Dawa yoyote ya ngozi inayoingia nchini, iwe ya China, ya Ulaya au ya hapa kwetu, iandikwe vilivyomo kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma, na maabara za serikali ziwe zikichukua makopo sokoni na kuyapima bila kungoja mtu adhurike. Muuzaji asiyeweza kueleza anachouza asiruhusiwe kukiuza. Madaktari nao wasimkaripie mgonjwa aliyetumia mitishamba, maana anayekaripiwa huficha, na kisichosemwa hakitibiki.

Kwenu wazazi tunasema hivi. Mwasho unaozidi usiku na kuwashika watu kadhaa nyumbani yamkini ni upele, unaoletwa na kidudu kinachochimba ngozini. Chai ya mizizi haikiui. Dawa yake hupatikana katika zahanati, nayo hupakwa na watu wote wa nyumba kwa pamoja, na nguo na matandiko hufuliwa. Marhamu inayoleta nafuu ya ajabu kwa siku mbili, na isiyotaja kilichomo, ipelekeni kwa mganga aitazame kabla ya kuipaka tena.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Uganga wa Kichina una mazuri yake, nayo hayaogopi kipimo. Yanayokimbia kipimo tusiyapake watoto wetu.