Daftari la Wiki: Upande wa Leso

Novemba 28, 2023, Spika Moses Wetang'ula aliifukuza suti ya Kaunda bungeni. Mheshimiwa avae koti, kola, tai na shati la mikono mirefu, la sivyo abaki nje. Suti hiyohiyo ilikuwa imempendeza Rais William Ruto mpaka ikawa kama sare yake.

Miezi saba baadaye, Juni 25, 2024, vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia bungeni humohumo bila tai, bendera mabegani. Kuna waliopigwa risasi siku hiyo wakafa. Habari ya kola hakuna aliyeikumbuka.

*

Uganda, Septemba 2019: bereti nyekundu za wafuasi wa Bobi Wine zatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa vazi la jeshi. Jeshi zima, na kofia!

*

Barazani Mjambere, hapa Mombasa, mjadala wa wiki ulikuwa huu: wenye majina makubwa ya mitindo wana haki ya kuingilia vita vya watu, au washone tu na kuuza? Kahawa ilipoa kabla ya jibu.

Wanaotaka waingilie huanza na Urusi. Machi 2022, siku chache baada ya Ukraine kuvamiwa, LVMH, Hermès, Kering na Chanel walitangaza kufunga maduka yao Urusi. Giorgio Armani alikuwa ameshawapitisha wanamitindo wake jukwaani Milan bila muziki. Demna, wakati huo mbunifu wa Balenciaga, aliyekimbia vita huko Georgia angali mtoto, aliwawekea wageni wake fulana za rangi za bendera ya Ukraine vitini. Dunia ikashangilia. Lakini LVMH walisema na jambo jingine, ambalo halikushangiliwa sana: wafanyakazi wao wa Urusi, wapatao 3,500, wangeendelea kupokea mshahara.

Daftari hili linaling'ang'ania jambo hilo la pili, kwa sababu ya Hawassa.

Hawassa iko Sidama, kusini mwa Ethiopia. Mwaka 2016 palifunguliwa mtaa mzima wa viwanda vya nguo, na mpangaji mkubwa alikuwa PVH, kampuni ya Marekani yenye Calvin Klein na Tommy Hilfiger. Washonaji wengi walikuwa wasichana waliotoka vijijini. Utafiti wa Chuo Kikuu cha New York uliotoka 2019 ulikuta mshahara wa kuanzia ni dola 26 kwa mwezi. Kisha Novemba 2020 vita vikalipuka Tigray, kaskazini kabisa. Mwaka mmoja baadaye Marekani ikatangaza kuitoa Ethiopia katika AGOA, mpango wa mwaka 2000 ulioziruhusu nguo za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Mwezi huohuo PVH wakatangaza kufunga kiwanda chao Hawassa, wakisema hali inaharibika kwa kasi. Januari 1, 2022, mlango wa AGOA ukafungwa rasmi.

Waliopigana walikuwa majenerali. Aliyepoteza cherehani ni msichana wa Sidama ambaye huenda hajaiona Tigray maishani mwake. Mkataba wa Pretoria wa kumaliza vita hivyo ulitiwa saini Novemba 2, 2022, na AGOA haikurudi nao.

Asiseme mtu kwamba Hawassa ni mbali. Viwanda vya EPZ vya Mombasa vimeishi kwa soko lilelile la Marekani. Na biashara ya mitumba, ambayo soko la Kongowea linaijua kuliko waziri yeyote, iliwahi kutiwa katika ugomvi kama huo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, AGOA ikatajwa kwa sauti ya ukali, na Kenya ikawa ya kwanza kurudi nyuma. Rwanda ilikataa. Julai 2018 Donald Trump akaisimamishia nguo zake msamaha wa ushuru.

Kwa hiyo swali la barazani lilikuwa na kasoro. Kampuni ya nguo na ichukue upande ikitaka. Wenye nayo ni watu, na watu wana dhamiri. Ila siku ya kutangaza msimamo itangaze pia nani atalipwa, kiasi gani, kwa miezi mingapi. Tangazo lisilo na habari hiyo ni biashara kama matangazo yake mengine.

*

Adidas, Julai 2024: wamwalika Bella Hadid, mwenye asili ya Palestina, atangaze viatu vya kukumbusha Olimpiki ya Munich 1972, ambako wanamichezo wa Israeli waliuawa. Israeli yalalamika, Adidas wamwondoa, kisha waomba radhi. Hapo waliofikiri ni akina nani?

*

Leso haijawahi kujidai haina upande. Imebeba Nyayo, imebeba vyama, imembeba Obama alipochaguliwa. Kaderdina wa Mtaa wa Biashara, duka la tangu 1887, limewaona watawala wengi wakija na kuondoka. Tofauti ni kwamba mama hulipa pesa yake, husoma jina la leso kwanza, na akitaka kumsuta jirani hakuna wa kumzuia. Idi Amin alipopiga marufuku vimini mwaka 1972, na TANU kwa Operesheni Vijana yake mwaka 1969: hao walitaka kumchagulia.

*

Pamba, tena. Mpeketoni wanailima, sisi twavalishwa polista kwenye joto la Kisauni. Daftari litanyamaza siku hali ikibadilika.

*

Uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia na fulana za bure zitamwagwa, polista tupu. Manjano ya UDA na chungwa la ODM, ambao waliwekeana saini ya ushirikiano Machi 7, 2025, zikifuliwa mara mbili hazitofautiani. Wewe wa Mjambere ukipewa, pokea, pangusia bodaboda, na kura yako mpe umtakaye.