Goma: Kuuliza bei ya kuuza tena si aibu

Mjini Goma wako wanaume wanaocheka wamama ambao, kabla ya kulipa kikwembe cha wax ya Vlisco kutoka Uholanzi, wanauliza kwanza: nikikiuza kesho nitapata ngapi? Eti nguo ni ya kuvaa. Wajibu basi: Januari 2025, M23 ilipoingia mjini na benki zikafunga milango, mama angetoa akiba yake wapi? Yadi 6 ambazo hazijakatwa zinabebwa kichwani, na huko ukimbizini zinageuka unga na dawa. Zikishonwa tu, bei inaanguka. Ila wachuuzi nao waache kudanganya eti wax haipotezi bei. Siku ya kukimbia kila mtu anauza, na mnunuzi anajua mama hawezi kungoja.