Unampa zawadi, je, unamjua?



Siku chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja wa mtaani kwetu alitusubiri barazani hadi tulipomaliza kuhesabu fedha za kisanduku cha msikiti. Mkononi alikuwa na shilingi 20,000 alizozikunja vizuri. Alitaka kumnunulia zawadi mama yake mkubwa, aliyemlea tangu akiwa na umri wa miaka sita, mama yake mzazi alipofariki. Mama huyo sasa anakaribia miaka 50, na riziki yake ni chai na maandazi anayouza karibu na kituo cha daladala.

“Ustadhi,” alisema, “nimepata kibarua, na hizi ni katika ujira wangu wa kwanza. Nimezunguka Kariakoo tangu adhuhuri. Kila kizuri kinazidi fedha nilizonazo. Au nisubiri hadi nipate nyingi?”

Tulimwuliza mama yake mkubwa anapenda nini. Alifikiri kidogo, kisha akajibu, “Anapenda kutuona tumeshiba.” Tukamwuliza tena: na yeye mwenyewe je? Hapo hakuwa na jibu. Ameishi naye miaka 16, amekula kwa mkono wake, lakini hakujua rangi aipendayo, wala kiungo kinachomuuma aamkapo alfajiri kuwasha jiko.

Hatukumlaumu, kwani nasi tuliwahi kusimama pale pale aliposimama. Kwa sababu hiyo tumeona safu ya wiki hii tuizungumzie zawadi ya mwanamke wa makamo, ili tunufaike sote.

KIDOGO HAKIDHARAULIWI

Tuanze na lile lililomtia unyonge kijana wetu, nalo ni uchache wa fedha. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tupeane zawadi ili tupendane, na hakutuwekea kiwango cha chini. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, amewausia wanawake wa Kiislamu kwamba jirani asikidharau kitu cha jirani yake hata kikiwa ni ukwato wa kondoo. Ukwato hauna nyama ya kutajwa. Hata hivyo, unapovuka kizingiti cha jirani huwa umebeba habari kwamba aliyeutoa alikukumbuka.

Bibi Aisha (r.a.) naye ametusimulia kwamba Mtume (s.a.w.), miaka mingi baada ya Bibi Khadija (r.a.) kufariki, alikuwa akichinja kondoo humkata vipande na kuwapelekea wanawake waliokuwa marafiki wa Bibi Khadija. Tulizingatie jambo hili. Nyama ni kitu cha kuliwa siku moja kikaisha. Lakini wanawake wale hawakuwa tena mabinti, na mwenzao waliyepatana naye ameshatangulia mbele ya haki. Kipande kile cha nyama kiliwafikia kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekumbuka ni nani waliyempenda.

Wazee wetu nao walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa hiyo kijana wetu hakuwa na haja ya kusubiri fedha nyingi. Kitu alichopungukiwa hakiuzwi Kariakoo.

MSAHAFU ULIOKAA RAFUNI

Sasa tuseme la kwetu, maana nasaha haina baraka ikiwa mtoaji anajificha.

Tulipohitimu chuo tulitaka kumpa mama yetu, aliyeko Tanga, zawadi iliyolingana na elimu tuliyorudi nayo. Tulimnunulia Msahafu mdogo wa mkobani, wenye jalada la zipu na nakshi za dhahabu. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akaubusu, akatuombea dua ndefu, kisha akauweka juu ya rafu. Tuliondoka tukiwa na furaha ya mtu aliyetimiza wajibu.

Kila tulipokwenda kumsalimia tulimkuta baada ya swala ya Alfajiri amekaa juu ya mswala wake akisoma kwa sauti ya chini. Ilituchukua miaka miwili kutambua kwamba sura zilikuwa zile zile, yaani zile alizozihifadhi chuoni utotoni mwake. Msahafu ulikuwa rafuni, zipu imefungwa. Ikafika Ramadhani, tukamwambia, kwa ulimi ambao leo tunauonea haya, kwamba mwezi huu ni wa kukhitimisha na si wa kurudia Juzuu Amma pekee. Alitabasamu, akasema, “Inshaallah, mwanangu.”

Mdogo wetu wa kike ndiye aliyetuvuta kando. “Kaka,” alisema, “mama hazioni herufi za ule Msahafu. Huutoa ukishaondoka, akausogeza mlangoni penye mwanga, akaunyoosha mkono mpaka mwisho, kisha akaurudisha.”

Kilichomfika mama yetu ni jambo la kawaida katika umri huo. Mtu akishapita miaka 40, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kupoteza ulaini wake, na vitu vya karibu huonekana kwa taabu. Aliye mbali humtambua vizuri, lakini kutunga uzi kwenye tundu la sindano au kusoma herufi ndogo humshinda. Tulimpeleka hospitali akapimwa macho, kwa kuwa uoni hafifu unaweza pia kuletwa na kisukari au maradhi mengine, na haifai kukisia. Akaandikiwa miwani ya kusomea tu. Tukamtafutia na Msahafu wa herufi kubwa, wa jalada la kawaida lisilo na nakshi yoyote. Vyote viwili havikufikia bei ya ule wa zipu.

Asubuhi ya kwanza alifungua Surat Yusuf, akasoma hadi jua likachomoza. Alipofunga alituambia neno ambalo hatujalisahau: “Nilidhani kisomo kimenitoka.”

Miaka miwili mama yetu aliamini kwamba amepokonywa neema ya kusoma Kitabu cha Mola wake, akalificha jambo hilo ili asituvunje moyo kwa zawadi yetu. Sisi tuliokuwa tukigawa misahafu kwa watoto wa madrasa hatukumwona mtu aliyekaa mbele yetu. Zawadi yetu ilikuwa ya kheri, ilikuwa nzuri, na ilikuwa ghali. Tulimpa pasi na kumtazama.

TUTAZAME NINI

Mwanamke wa makamo ana hali zake, na anayetaka kumpa kitu kimfae aanze hapo. Wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na katika kipindi hicho mwili huweza kupandwa na joto la ghafla na jasho la usiku. Si jambo la kutaniwa. Mwenye kulijua atachagua dera la pamba au shuka la pamba, aliache lile la nailoni linalong’aa dukani. Wengine huumwa visigino na magoti baada ya miaka mingi ya kusimama. Ndara zenye soli laini huwafaa kuliko viatu vya kuvaa harusini mara moja kwa mwaka. Mswala mnene kidogo humpunguzia maumivu mwenye magoti mabovu kila anaposujudu.

Kanga haijapoteza heshima yake, na doti moja huingia katika fedha za wengi wetu. Ila kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Anayenunua kwa kutazama rangi peke yake huweza kumpelekea mama mkwe fumbo lililokusudiwa mke mwenza, na maelezo yake yakachukua miezi. Soma jina kabla ya kulipa. Kama hulielewi, mwulize mwenye duka.

Kwa wapendao manukato, ubani na chetezo cha udongo, au mawardi, ni vitu vya bei ya wastani vya kumburudisha nyumbani kwake. Na kama mama wa mwanamke huyo yungali hai kijijini, nauli ya kwenda na kurudi huenda ikawa zawadi asiyoitarajia. Wanawake wa umri huu wengi wamebanwa katikati: chini wana watoto na wajukuu, juu wana wazazi waliozeeka. Siku mbili za kukaa na mamaye bila kupika kwa ajili ya mtu yeyote zina thamani kubwa kwake.

Vipo vitu vya kuepuka. Mafuta ya kuondoa mikunjo ya uso na dawa za kupunguza mwili humwambia mpokeaji kwamba ana kasoro. Sufuria, beseni na vikombe vya wageni ni vya nyumba nzima, na mara nyingi humwongezea kazi. Lakini ikiwa yeye mwenyewe amesema kwa kinywa chake kwamba anatamani karai jipya la kukaangia maandazi yake, mpe karai, maana hapo umemsikiliza.

HAKI SI ZAWADI

Tuna neno na waume wenzetu. Unga, sabuni, dawa na nguo ya stara ni nafaka, na nafaka ni wajibu juu ya mume. Anayefungasha kilo mbili za sukari kwa karatasi ya maua na kuiita zawadi amelipa sehemu ya deni lake, na mke analijua hilo japo atasema ahsante. Zawadi huanzia pale wajibu unapoishia. Mwenye wake zaidi ya mmoja akumbuke uadilifu, na mzazi akumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza Bashir, babake Nu’man (r.a.), kumpa mtoto mmoja na kuwaacha wengine.

Aidha, tuchunge adabu ya kutoa. Mwanamume asiye maharimu akitaka kumpa mwalimu wa madrasa au jirani yake zawadi ya shukrani, aipitishe kwa mkewe, dada yake au kamati ya akina mama, ili kheri isizae maneno. Na tukishatoa, tusahau. Mwenyezi Mungu (s.w.), katika Surat al-Baqara, aya ya 264, ametuonya kwamba masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka. Zawadi inayotajwa kila panapotokea ugomvi huwa mzigo, na mpokeaji hutamani angeirudisha.

Akina mama nao tuna ombi kwao. Mmezoea kusema “mimi sihitaji kitu, mwanangu.” Tunaelewa chanzo cha maneno hayo. Lakini mtoto wa miaka 22 huyaamini, akajiondokea. Mwambieni. Kama macho yanawasumbua, semeni. Kama kisigino kinauma, semeni. Mtume (s.a.w.) alikuwa akipokea zawadi na kulipa wema kwa aliyempa, basi kupokea nako ni katika Sunna.

TURUDI KWA KIJANA

Usiku ule hatukumtajia kitu cha kununua. Tulimwambia asubuhi ya Jumamosi aamke pamoja na mama yake mkubwa, akakande unga pamoja naye, akae naye kibandani hadi maandazi yaishe, na macho yake yawe wazi.

Alirudi wiki iliyofuata baada ya Maghrib. Alituambia kwamba mama yake mkubwa husimamia mguu mmoja. Kila baada ya muda huhamishia uzito mguu wa pili, na akidhani hatazamwi huvua kandambili akasugua kisigino kwenye tofali la ubaridi. Kandambili zenyewe zimelika nyuma hadi zimekuwa nyembamba kama karatasi. Alikuwa akiziona kila siku mlangoni na kuziruka.

Alinunua ndara zenye soli nene, laini, rangi ya kahawia, kwa shilingi 14,000. Tulipomwuliza alipokewaje, alisema mama yake mkubwa alizivaa, akatembea kutoka mlangoni hadi uani, akarudi, akauliza, “Nani amekwambia?” Naye akajibu kwamba hakuambiwa na mtu.

Akatutolea shilingi 6,000 zilizobaki, akauliza azitie kisandukuni. Tulimwambia azirudishe mfukoni, anunue unga, na Jumamosi ijayo aamke tena.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awape afya na umri wenye baraka mama zetu, wake zetu, shangazi zetu na dada zetu, na awarehemu waliotangulia. Na wewe msomaji, kabla hujatoka kwenda dukani, kaa nao kwanza.

Wabillahi tawfiq.