Kwaresima hii, wacha fumbo libaki fumbo

Jumatano ijayo, Februari 18, utakuwa kwenye matatu ukienda kazini, au ukienda kuitafuta hiyo kazi, na kando yako ataketi mtu mwenye doa jeusi kwenye paji la uso. Kila mwaka hakosekani abiria mwenye roho safi wa kumwambia, "Samahani, uko na masizi hapo."

Ni majivu. Na kama hujawahi kujua yanakotoka, wacha nikwambie. Wiki chache kabla ya Kwaresima parokia hutangaza: rudisheni matawi ya mwaka jana. Yale tuliyopunga Jumapili ya Matawi tukipiga kelele za Hosana, halafu tukayachomeka nyuma ya picha ukutani au juu ya TV, yakakauka hapo tukayasahau. Yanachomwa, yanasagwa, yanachekechwa kama unga. Shangwe yetu ya mwaka jana ndiyo hiyo tunapakwa usoni. Padri anachora msalaba na kukukumbusha kwamba wewe ni vumbi na vumbini utarudi, basi. Haelezi. Anaenda kwa anayefuata kwenye foleni.

Hapo kwa "haelezi" ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Sisi wa mjini tumezoea dini ya kuelezwa. Tena siku hizi imekuwa kama M-Pesa: unatuma, unangoja meseji ya kuthibitisha. Ukitoa sadaka, visa inakuja. Ukikosa visa, basi kuna mahali ulikosea, labda hukuamini vizuri, au kuna mtu kijijini anakuonea wivu. Kila jambo lina sababu, na kila sababu ina mtu wa kukuuzia.

Nilikuwa naishi vizuri tu na dini hiyo hadi tulipomzika rafiki yangu, miaka mitatu iliyopita. Alikuwa na miaka 22. Alipanda boda usiku akirudi nyumbani, lori likawagonga mahali ambapo taa za barabarani zilikufa kitambo. Kwenye mazishi nilihesabu maelezo. Kwamba Mungu alimpenda kuliko sisi. Kwamba alikuwa anaepushwa na mabaya ya mbele. Kisha mhubiri mmoja mgeni akashika maiki akasema kifo hicho ni onyo kwa vijana wa mtaa wetu wanaopenda raha. Maze, jamaa alikuwa anatoka kazini! Zamu ya jioni, kupanga bidhaa supamaketi.

Mamake alikuwa mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki, akisikia yote. Yeye aliuliza swali moja tu, tena kwa sauti ya chini sana: "Kwani alikuwa wapi?" Hakuwa anauliza kuhusu mwanawe.

Hakuna aliyemjibu. Ila kulikuwa na shosh mmoja wa jumuiya yao, alivuta kiti akaketi kando yake, akamshika mkono, na kwa saa nzima hakufungua mdomo. Nadhani ndiye pekee aliyesema ukweli siku hiyo.

Baada ya hapo nilikaa karibu miaka miwili bila kukanyaga kanisani. Sikuwa nimeacha kuamini Mungu yuko, nilikuwa tu nimechoka na wasemaji wake. Kilichonirudisha polepole ni kitabu cha Ayubu, ambacho nilianza kukisoma kwa simu usiku nikitafuta, kusema kweli, maneno ya kumpigia Mungu kelele.

Pengine ulifundishwa kwamba Ayubu ni hadithi ya uvumilivu. Kisome tena. Ayubu anapoteza watoto, mali na afya. Marafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanakuja, wanaketi naye chini siku saba usiku na mchana bila neno. Wangeondoka hapo wangekuwa mashujaa. Lakini wanafungua midomo, na kwa sura baada ya sura wanamweleza kwa nini yamempata: lazima ulikosa, lazima unaonywa, Mungu hakosei hesabu. Ayubu anakataa. Analalamika, anataka Mungu aje wasikilizane kama watu walio mahakamani.

Mungu anapozungumza hatimaye, kwenye sura ya 38, haelezi chochote. Anauliza maswali: ulikuwa wapi misingi ya dunia ikiwekwa, unajua mbuzi wa milimani huzaa lini, na mbuni je? Hakuna hata mstari mmoja wa kusema kwa nini watoto walikufa. Mwishoni anawageukia wale marafiki na kuwaambia kwamba wao ndio hawakusema sawa juu yake, kama Ayubu alivyosema. Wenye maelezo ndio walioaibishwa. Mwenye maswali ndiye aliyeombwa awaombee.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Shuleni tulikariri kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Hilo ni fumbo la chemshabongo, na hata mimi nayapenda. Lakini neno lenyewe linatoka kwa kufumba: unafumba macho, unafumba mdomo, unafumba kiganja. Wanaojua Kigiriki husema neno la zamani la fumbo la kidini, mysterion, nalo lina uhusiano na kitenzi cha kufunga macho au midomo. Kwenye Misa, baada ya mageuzo, tunatangaziwa fumbo la imani, na hakuna anayenyoosha mkono kulijibu. Tunaimba tu.

Sasa najua unachotaka kuniuliza, kwa sababu niliuliza hivyo hivyo. Si hilo neno "fumbo" ndilo walilotunyamazishia tukiwa wadogo? Unamuuliza katekista vipi Mungu ni mmoja na ni watatu, anakwambia ni fumbo, keti chini. Kweli, limetumiwa vibaya. Ila mimi nimeanza kutofautisha fumbo na siri. Siri ina mwenyewe. Kuna mtu anaijua, anakuficha, na akipenda atakufungulia kwa bei yake. Fumbo halina mwenyewe: askofu, wewe, yule shosh, sote tumesimama mbele yake na hakuna aliye na ufunguo. Ukiona mtu anakuuzia ufunguo, hapo umeuziwa siri.

Kumbuka Shakahola. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye msitu ule wa Kilifi, na manusura walisimulia jinsi watu walivyohimizwa wafunge kula hadi wafe ili wakutane na Yesu. Wengi waliona pale imani iliyozidi mafumbo. Mimi naona hapakuwa na fumbo hata moja. Mwisho wa dunia ulijulikana, njia ya mbinguni ilijulikana, kila swali lilikuwa na jibu, na anayeuliza zaidi ndiye aliyekuwa na shida.

Na kitu kingine, tusifunike uzembe kwa jina la Mungu. Barabara isiyo na taa si fumbo. Hiyo ni kazi ya mtu anayelipwa mshahara, na maswali yake yana majibu kwenye bajeti ya kaunti. Kwa nini rafiki yangu na si mimi, niliyekuwa nimepita hapo hapo saa mbili kabla, hilo ndilo sina wa kumpelekea ofisini.

Basi Kwaresima. Siku 40 ukitoa Jumapili, mpaka Pasaka, Aprili 5. Mwaka huu ndugu zetu Waislamu nao wanaanza Ramadhani karibu siku hiyo hiyo, mwezi ukiandama, kwa hivyo mtaani kutakuwa na watu wengi wenye njaa ya makusudi. Tayari naona watu wakitangaza mtandaoni: siku 40 bila soda, bila TikTok, bila nyama choma. Sina noma na hilo, mimi mwenyewe soda imenishinda mara mbili. Lakini imeanza kufanana na jimu, ambapo unajipima na mwishoni unaonyesha picha ya kabla na baada. Kufunga kwenyewe ni kuacha tumbo liulize bila kulijibu mara moja. Jaribu kufanya hivyo na swali lako kubwa. Libebe hizo wiki sita bila kulitafutia mahubiri ya YouTube.

Ukisikia hakuna kitu, hauko peke yako. Mama Teresa wa Calcutta alifariki 1997, na barua zake zilipochapishwa 2007 watu walishtuka: kwa miongo kadhaa hakuhisi Mungu yuko naye. Giza tupu. Na kila asubuhi aliamka akaenda kuosha wagonjwa. Kanisa lilisoma hizo barua na bado likamtangaza mtakatifu 2016.

Mamake rafiki yangu bado anauliza swali lake. Aliniambia majuzi kwamba huuliza akiwa jikoni, na huuliza kanisani pia, wakati wengine wanaimba. Jumatano tumepanga twende pamoja Misa ya saa kumi na mbili asubuhi, maana saa mbili lazima awe amefungua kibanda chake cha mboga. Amesema hatayafuta majivu, wateja watamwona hivyo hivyo.