Bahari Nayo Ihesabiwe: Ilani ya Wana Chuno

Sisi wakazi wa Chuno, Mtwara, wavuvi, bodaboda, walimu, mama ntilie, wabangua korosho na wanafunzi, tunatamka hadharani kwamba tumechoka kuhesabu medali mbili.

Nchi yetu, Tanzania, ilianza kwenda Olimpiki Tokyo mwaka 1964. Hadi Paris 2024 imeshiriki mara 15, na mavuno yote ni fedha 2, zote za riadha, zote za Moscow 1980. Suleiman Nyambui alikuwa wa pili mita 5,000, akapitwa na Miruts Yifter wa Ethiopia kwa muda usiofika sekunde moja. Filbert Bayi, kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, alikuwa amewaacha wenzake mbali, mpaka mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamkamata kwenye ruko la maji. Sisi watu wa pwani turuhusiwe kutabasamu kidogo: dhahabu ya Tanzania iliponyoka majini.

Tuseme na lile lisilosemwa kwenye hafla. Kenya haikuwepo Moscow, ilikuwa imesusa. Lakini anayetaka kumpunguzia Bayi heshima kwa hilo akumbuke Christchurch 1974, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:32.16, John Walker akimfuata nyuma. Miaka miwili baadaye, Montreal, Walker alibeba dhahabu na Bayi hakuwepo, kwa kuwa Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia: New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga kwa makaburu wa Afrika Kusini. Hatulalamiki. Mtu wa Mtwara, aliyeishi jirani na vita vya ukombozi vya Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, hawezi kuuita msimamo ule hasara.

Hasara ni ya baadaye. Tangu Moscow, Olimpiki 11 zimepita na tumerudi mikono mitupu. Rais Ali Hassan Mwinyi alishasema sisi ni kichwa cha mwendawazimu, kila mtu anajifunzia kunyoa, na badala ya kuona aibu tukaigeuza kauli hiyo utani wa vijiweni. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitufuta machozi kwa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Tumeshangilia mpaka sauti zikakauka. Lakini yale yalikuwa mashindano ya dunia ya riadha; hesabu ya Olimpiki haikusogea.

Sasa tazama ramani. Bayi ni wa Karatu, mkimbiaji wa marathoni John Stephen Akhwari wa Mbulu, Simbu wa Singida, Nyambui wa Mara. Heshima zao zote. Ila taifa limezoea kumtafuta mwanamichezo wa Olimpiki upande ule ule, mbali na pwani, na akipatikana anaelekezwa marathoni. Paris tulipeleka wanamichezo 7: wanne wa marathoni, waogeleaji wawili, mmoja wa judo. Nchi yenye pwani ya zaidi ya kilomita 1,400 haikuwa na hata mmoja wa kasia wala wa tanga.

Los Angeles 2028 kutakuwa na mchezo mpya wa Olimpiki, mbio za makasia za ufukweni. Mpiga kasia anakimbia mchangani, anarukia chombo, anapiga kasia mita 250 akizunguka maboya, anageuza, anarudi, anashuka na kukimbilia kwenye mstari. Aliyewahi kusimama asubuhi kwenye soko letu la samaki la Feri, mitumbwi ikirudi na samaki na kila mmoja akitaka kumuwahi mchuuzi, ameshauona mchezo huu bila tiketi. Kijana anaruka maji yakiwa kiunoni, anakamata chombo kabla wimbi halijakilaza ubavu, anakimbia na tenga kichwani. Wakati wa upepo wa kusi, kutoka Msanga Mkuu, ng'ambo ya ghuba, kwa kafi si jambo la mzaha.

Hatudanganyani. Kujua pondo na ngalawa si kujua mtumbwi wa mashindano, ambao ni mwepesi, wa bei kubwa, na unaupiga kasia ukiwa umeupa mgongo mwelekeo wako. Hatuahidi medali 2028. Tunachoahidi ni watoto wanaopimwa kwa saa, kwa daftari, mwaka baada ya mwaka.

Na tukisema watoto, tunasema wasichana kwanza. Kila maji yakitoka wako mwambani wanachokoa pweza, wanaijua bahari kwa nyayo, kisha wanaambiwa kuogelea ni kwa wavulana. Vuguvugu hili halitapanga zoezi hata moja ambalo wao ni watazamaji.

Tunadai gesi ya Mnazi Bay nayo iwafikie watoto hawa. Kampuni za gesi zinalipa ushuru wa huduma kwa halmashauri. Fungu lake, hata dogo, litajwe wazi kwenye bajeti kuwa ni la michezo ya majini. Tusielekezwe kwenye mikopo ya vijana, ile ya asilimia 4 ya mapato ya halmashauri. Mtoto anayejifunza kuogelea hana marejesho ya kila mwezi. Uwanja wa Nangwanda Sijaona tunaupenda na mpira tutaendelea kuutazama, ila mkoa uliowahi kuwa mwenyeji wa michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, usiridhike na kukaribisha wageni.

Sisi wenyewe tunajifunga hivi: hakuna kiongozi wetu atakayepanda ndege kabla ya mwanamichezo, na mahesabu yatabandikwa ukutani sokoni, senti kwa senti.

Ofisi hatuna, jina tutalipata baadaye. Ada ya uanachama ni kumleta mtoto mmoja ufukweni Jumamosi asubuhi, maji yakijaa. Mzee wangu mvuvi, mama yangu wa sokoni, usimtume peke yake. Njoo naye.