Stara Hii Itatumaliza

Niambieni, watu wa Shella ya Malindi: tuzike wangapi ndipo tufumbue midomo?

Unaijua ile nyumba. Unakijua kile chumba cha uani kinachofungwa kwa nje. Jirani anajua, maalim anajua, muuza mahamri anajua. Tunapiga hodi, tunakunywa kahawa, tunaaga. Aliyemo ndani hatumuulizi wala hatumtaji.

Mama akikosa usingizi tangu mumewe azame baharini, tunamwambia asubiri, ni kadari. Kijana akijifungia mwezi mzima, tunasema amerogwa. Akisema peke yake, amepandwa na jini. Anasomewa, anafukizwa, anapewa kombe, kisha tunarudi kulala. Akijitoa roho, tunanong'onezana kwamba alishikwa na tumbo.

Mnaita stara. Mimi naita woga.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kinatuumbua kila mwaka.

Keti barazani baada ya Isha usikilize. Huyu presha, yule sukari, yule moyo unamwenda mbio. Wanaonyeshana vidonge. Nani anauliza presha hiyo imepandishwa na nini? Ni kazi ya hoteli iliyokwisha? Ni mtoto aliyepotelea kwenye unga? Hofu isiyopoa huujaza mwili homoni za dhiki: mishipa inabana, presha inapanda, sukari inapanda, usingizi unaruka. Mwenye kisukari akipatwa na sonona huacha dawa, huacha kujali anachokula, na mguu ndio unaolipa.

Usiniambie huu ni uzushi wa Kizungu. Nabii Yaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yakapofuka kwa huzuni. Kisa hicho umefunzwa tangu chuoni! Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Humo alizitaja hasira, hofu, huzuni na wasiwasi kuwa maradhi ya nafsi, na akaeleza namna ya kuyatibu kwa maneno na kwa kuzoeza fikra. Miaka zaidi ya 1,000 iliyopita! Sisi leo bado tunatafuta kuku mwekundu wa kumpungia jini.

Kisomo sikikatazi. Msomee mgonjwa wako, umuombee dua. Lakini ukimaliza, mpeleke kwa mtu aliyesomea kutibu nafsi. Nani alikwambia kimoja kinakifukuza kingine?

Tazama unga. Heroini ipo Malindi tangu miaka ya 1980. Mradi wa Omari umekuwa ukiwashughulikia watumiaji tangu 1995, na tangu 2015 hospitali yetu inatoa methadoni, dawa inayomezwa kila siku mbele ya muuguzi. Vizuri. Methadoni huzuia arosto. Haifuti msiba wala kipigo cha utotoni, na haimfundishi mtu kuishi na nafsi yake. Kazi hiyo ni ya mazungumzo. Na asubuhi mshauri akimwinua kijana, mchana sisi tunamwita teja mbele ya watoto wake. Akirudi maskani, tunashangaa nini?

Au tumeshasahau Shakahola, msitu ambamo waumini walifunga hadi kufa? Aprili 2023 miili ilianza kufukuliwa na kuletwa mochari ya Malindi. Jumla yake ikapita 400. Ndugu walipozimia hospitalini, Msalaba Mwekundu walileta washauri, na hakuna aliyewacheka. Siku zile sote tulikubali kwamba aliyeona makubwa anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Mbona tulikubali kwa wageni, na kwa mama wa jirani tunakataa? Huzuni mpaka ijaze mochari ndipo iwe huzuni?

Dola nayo ilitufunza ubaya. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, jela hadi miaka 2. Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Sheria imeacha kumhukumu. Wewe je?

Na msiniambie hakuna pesa. Harare, Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi wasio na shahada. Waliketi benchini nje ya zahanati, wakamsikiliza mgonjwa, wakamsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Matokeo yalichapishwa 2016: baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona walikuwa 14 katika kila 100. Waliopewa huduma ya kawaida, 50 katika kila 100. Zanzibar nao wameiga.

Akina bibi! Shella tumekosa bibi?

Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Wanabisha, wanapima, wanaandika, wanakwenda. Wafunzwe pia kuuliza: unalala? Unakula? Nini kinakusumbua? Na wafunzwe kusubiri jibu. Kila zahanati iwe na mshauri mmoja wa kupokea wale waliozidiwa. Hilo tu! Afya ni kazi ya kaunti tangu 2013, kwa hiyo Kilifi isitutume Nairobi.

Lakini kaunti haitaamka sisi tukiwa tumelala. Nani ataajiri mshauri kwa ajili ya mtaa unaoapa kwamba hauna wagonjwa?

Mwaka 2027 watakuja kuomba kura. Muulize kila mmoja: mshauri wa zahanati yetu yuko wapi? Akikosa jibu, mnyime. Ukipokea leso na shilingi mia mbili ukanyamaza tena, basi usije kulia matangani.