Msimulie Hadithi, Neno Litamkaa

Jumapili ya leo nataka tuzungumze, wazazi kwa wanafunzi, kuhusu jambo linalosumbua nyumba nyingi hapa mjini: maneno magumu ya Kiingereza.

Chukua daftari la mwanafunzi yeyote wa shule ya upili na ufungue kurasa za nyuma. Aghalabu utakuta orodha ndefu: 'tantalize', 'labyrinth', 'nemesis', 'lethargic'. Kando ya kila neno pana maana iliyonakiliwa kutoka kwa kamusi. Orodha hiyo hukaririwa usiku wa kuamkia mtihani, na wiki moja baadaye nusu yake imeyeyuka.

Yale maneno yanayosalia nayo huleta balaa. Mtoto anaandika katika insha yake kwamba mama ali-'tantalize' jamaa yote kwa chapati hadi wakashiba. Mwalimu anapiga mstari mwekundu. Mtoto anarudi nyumbani akinung'unika, maana kamusi ilimwambia neno hilo lahusu kutamanisha, na hakuna asiyejua kwamba chapati hutamanisha.

Mtoto anayemjua Tantalus hawezi kufanya kosa hilo.

Tantalus alikuwa mfalme katika hadithi za Wagiriki wa kale. Miungu ilimpenda hata ikamkaribisha mezani pake, lakini yeye akaikosea vibaya. Wengine husema alimchinja mwanawe mwenyewe, akampika na kuwaandalia miungu nyama hiyo ili awajaribu. Adhabu yake ikawa kusimamishwa ndani ya ziwa kuzimu, maji yakimfika kidevuni. Akiinama anywe, maji yanakauka. Juu ya kichwa chake yananing'inia matunda mabivu, na kila akinyoosha mkono, upepo unayapeperusha mbali. Njaa na kiu havimwishi, na chakula hakiondoki mbele ya macho yake.

Hiyo ndiyo maana ya 'tantalize': kumwonyesha mtu anachokitamani na kumnyima. Aliyeshiba chapati hakufanyiwa hivyo. Aliyefanyiwa hivyo ni jirani wa ghorofa ya juu, aliyeletewa harufu na upepo huku sufuria yake ikiwa tupu.

Mnamo 1802 mwanasayansi wa Sweden, Anders Ekeberg, aligundua madini ambayo hata yakizamishwa ndani ya asidi hayainywi. Akamkumbuka mfalme yule aliyesimama majini asinywe, akayaita tantalamu. Madini hayo hutumiwa kutengeneza vipande vidogo vya mitambo ya simu, na huchimbwa pia mashariki ya Kongo katika mawe yaitwayo koltani. Yamkini basi jina la Tantalus limo mfukoni mwako unaposoma makala haya.

Sisi Waswahili hatupaswi kushangazwa na maneno ya namna hii. Mtu akitenda uovu uliopita kiasi, tunasema huo ni ufirauni. Hakuna anayehitaji kamusi kulielewa neno hilo, kwa sababu kila mmoja wetu alisimuliwa habari za Firauni na Musa tangu utotoni. Hadithi ilitangulia, neno likafuata. Kiingereza nacho kina mamia ya maneno ya aina hiyo yaliyotoka Ugiriki. Tofauti ni kwamba watoto wetu hupewa neno bila kupewa hadithi.

Na hapa ndipo ninapotaka wazazi wanisikilize vizuri. Wengi wenu husema, "Mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji, nitamsaidiaje mtoto?" Utamsaidia kwa Kiswahili. Hadithi ya Tantalus umeisoma sasa hivi kwa Kiswahili na umeielewa. Msimulie mwanao kwa lugha hiyo hiyo, au kwa lugha ya kwenu, halafu umwachie neno moja tu la Kiingereza mwishoni. Kazi ya kuliendeleza na kulitamka vyema ni ya mwalimu. Ya kulitia uhai unaiweza wewe.

Tuchukue mfano wa pili. Katika kisiwa cha Crete, mfalme Minos alikuwa na dubwana, nusu mtu nusu fahali, lililofungiwa ndani ya mzingile mwambiji. Aliyeingia humo hakuiona tena njia ya kutokea. Mji wa Athens ulilazimishwa kupeleka wavulana saba na wasichana saba wawe chakula cha dubwana hilo. Kijana Theseus akajitolea kwenda. Ariadne, binti wa mfalme, alimpenda, akampa donge la uzi. Theseus aliufunga uzi mlangoni, akaufungua pole pole akienda ndani, akaliua dubwana, kisha akaufuata uzi hadi nje.

Mzingile ule waitwa 'labyrinth'. Nalo donge la uzi katika Kiingereza cha zamani liliitwa 'clew', na ndilo lililozaa 'clue' tunayoisikia kila polisi wanapotafuta mhalifu. Kidokezo ni uzi: ukiushika na kuufuata, utafika. Hadithi moja imekupa maneno mawili.

Kisha kuna 'mentor', neno lililoenea siku hizi kutoka shuleni hadi ofisini. Mentor lilikuwa jina la mtu. Odysseus alipokwenda kupigana vita vya Troy, alimwachia rafiki yake Mentor nyumba yake aitunze. Mungu wa kike Athena naye akajigeuza kwa sura ya mzee huyo ili amwongoze Telemachus, mwana wa Odysseus, aliyekua bila kumwona baba. Mwaka wa 1699 Mfaransa Fénelon alitoa kitabu kuhusu kijana huyo, ambamo Mentor hutoa mashauri mengi, na ndipo jina likageuka kuwa neno la kawaida. Kwa hivyo anayekulipia karo bila kukushauri ni mfadhili, naye ana heshima yake, ila si 'mentor'.

Wanaosoma sayansi pia wana fungu lao. Buibui na nge huitwa 'arachnid' kwa sababu ya Arachne, msichana aliyejigamba kwamba anamshinda Athena kwa kufuma, akageuzwa buibui. 'Hygiene' yatokana na Hygieia, mungu wa afya. 'Phobia' ina jina la Phobos, mungu wa hofu. Na mwanafunzi anayesinzia darasani baada ya chakula cha mchana, yule ambaye mwalimu humwita 'lethargic', neno lake lina mzizi mmoja na jina la Lethe, mto wa kuzimu ambao kila aliyekunywa maji yake alisahau yote.

Huenda mzazi mcha Mungu akauliza kama inafaa kuwasimulia watoto habari za miungu ya watu wa kale. Jibu langu ni kwamba tunazisimulia kama hadithi, jinsi tunavyosimulia za Sungura na Fisi, na hakuna anayemsujudia Sungura. Hata katika Biblia, Matendo ya Mitume sura ya 14, watu wa Listra walidhani Barnaba ni Zeu na Paulo ni Herme. Asiyewajua wawili hao hataelewa ni kwa nini mitume walirarua mavazi yao.

Sasa tufanyeje nyumbani? Chagueni jioni moja ya wiki, labda Jumapili baada ya chakula. Zimeni televisheni kwa dakika kumi na tano. Mmoja asimulie hadithi moja. Mtoto awe na daftari, na kwa kila neno aandike mambo matatu: neno lenyewe, hadithi yake kwa sentensi moja, na sentensi aliyoitunga mwenyewe kuhusu maisha yake hapa hapa, si iliyonakiliwa kitabuni. Jumatano mwulize tena, akiwa anaosha vyombo. Maneno matatu kwa wiki yanatosha. Katika majuma kumi na mawili atakuwa na maneno 36 yasiyomtoka.

Vitabu vya hadithi hizi vinapatikana katika maktaba, na mara nyingi hata kwa wauzaji wa vitabu kuukuu kando ya barabara za jiji.

Nina tahadhari mbili. Kwanza, hadithi haiondoi haja ya kamusi, kwa maana maneno husafiri na kubadilika njiani. Pandora, kwa mfano, hakuwa na sanduku. Katika shairi la Mgiriki Hesiod alifungua mtungi mkubwa, maovu yakatoka yote na matumaini yakabaki ndani. Msomi Erasmus ndiye aliyetafsiri mtungi kuwa kijisanduku katika karne ya 16. Hata hivyo, mtoto akiandika 'Pandora's jar' katika mtihani atajitafutia taabu, kwani Kiingereza kimeshazoea 'Pandora's box'.

Pili, neno ni kama chumvi. Mwanafunzi akijaza 'labyrinth', 'nemesis' na 'odyssey' katika aya moja, mwalimu atajua mara moja kwamba anatamba. Safari ya matatu kutoka Kayole hadi mjini si 'odyssey', hata kama foleni ilikuwa ndefu. Odysseus alichukua miaka kumi kufika kwake. Neno moja lililokaa mahali pake lapendeza kuliko kumi yaliyorundikwa.

Kwa wiki hii nawaachia kazi tatu: 'echo', 'panic' na 'nemesis'. Kila moja ina mwenyewe katika hadithi za Wagiriki: msichana aliyebaki sauti tupu, mungu mwenye miguu ya mbuzi, na mungu wa kike asiyewasamehe wenye kiburi. Wanafunzi, watafuteni hao watatu, muwasimulie wazazi wenu kwa Kiswahili kabla ya Jumapili ijayo. Wazazi, nanyi msikubali neno lolote lije mezani bila hadithi yake.